Kilichokuwa Kinalia Ndani ya Ngoma ya Baba

Nawaomba mcheke taratibu, maana aibu yenyewe mpaka leo haijanitoka vizuri, nikipita karibu na lile kanisa pale Bariadi bado naongeza mwendo na kujifanya natafuta kitu kwenye mkoba, na wale waliokuwepo siku ile wakiniona hivyo wanakohoa kidogo, kikohozi kile cha mtu anayezuia kicheko, nami nakijua.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila kitu kimefunguliwa, wanunuzi binafsi wa pamba wameanza kuja na mizani yao na maturubai yao, na mimi nilikuwa nauza mitumba sokoni. Nilikuwa mtaalamu, nawaambia ukweli (au ndivyo nilivyojiona). Ukiniletea koti nakwambia limetoka nchi gani, ukiniletea kiatu nakwambia kitadumu masika mangapi, na kama sijui nakwambia vilevile, tena kwa sauti kubwa zaidi, maana sokoni muuzaji akisita mteja kashaondoka. Shikeni hapo. Tabia hiyo ndiyo iliyoniponza.

Baba yangu, mzee Luhende, alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya kinu cha pamba. Si ngoma zetu hizi za kuchezea mbina, michezo yetu ya Kisukuma, la, zile za kizungu ambazo wenyewe wanaita dramu: moja kubwa ya kukanyaga kwa mguu, nyingine mbili tatu za kupiga kwa fimbo, na matoazi yanayoning'inia kwenye vyuma. Chama cha ushirika kilipoanza kuyumba na kinu kikasimama, bendi nayo ikafa, wapigaji wakaambiwa kila mtu achukue alichokuwa akikipiga, ndiyo yawe malipo yao. Baba akazipakia ngoma zake kwenye mkokoteni wa ng'ombe akarudi nazo nyumbani Malampaka, akaziweka chumbani na kuzifunika shuka, na tangu hapo hakuruhusu mtu azisogelee. Alipofariki, kaka zangu wakagawana ng'ombe. Mimi nikaambiwa, "Wewe Milembe uko mjini, chukua ngoma, utazicheza." Wakacheka sana. Nami nikacheka, huku moyo unauma.

Nikazileta Bariadi juu ya lori la pamba, na shangazi yangu, Sengi Nyanzala, dada yake baba, akaja pamoja nami kukaa siku chache, maana mume wangu alikuwa Kalemela kwenye mpunga na mapacha wetu, Kulwa na mwenzake, walikuwa wananishinda. Tulipozishusha ile ngoma kubwa ikalia ndani. Siyo mlio wa ngoma, hapana, kitu kiligonga kule ndani, kòkòkò, kama kokwa kwenye kopo.

"Kuna nini humo?" nikauliza.

Sengi akageuza uso akaanza kuita kuku ambao hawakuwepo. "Mambo ya baba yako hayo," akasema. "Ukitaka kuuza kitu cha marehemu, ng'wanone, mwanangu, kifungue kwanza ukione."

Ningemsikiliza, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Wiki hiyohiyo akapita mtu kutoka Mwanza, Bwana Salehe, aliyewahi kupiga gitaa kwenye mabendi na sasa alikuwa anazunguka wilaya hadi wilaya akinunua vyombo vya muziki vilivyoachwa na bendi zilizokufa. Mtu mwembamba, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuja kwangu kutafuta shati, nikamwambia habari za ngoma, akaacha shati, tukaenda nyumbani. Tukazitoa nje ya nyumba na majirani wote wakakusanyika (nyie mnajua mtaa wetu, mtu akifungua mwavuli wanakuja kuangalia). Bwana Salehe akapiga magoti. Akagonga mbao kwa ukucha na kutega sikio, akanong'ona peke yake, akapangusa kibati kidogo chenye maandishi yaliyofutika, akalamba kidole akakipitisha kwenye ukingo. Nilipomuuliza anatafuta nini akasema ni mbao za zamani, zimepindwa kwa mkono kabla ya viwanda kuanza kulipua kazi, na ngozi ya ile kubwa ni ya ndama, siyo plastiki, hazipatikani tena, na huko nje kuna watu wanazitafuta kama dhahabu. Kisha akataja bei. Jamani, nilikaa chini. Nilikaa juu ya sufuria ya uji ya mapacha, ikiwa na uji.

"Hiki kinacholia ndani ni nini?" nikamuuliza nikijipangusa.

"Pengine skrubu imedondoka. Lakini tafadhali, dada, usifungue. Ngozi imekauka, ukiilegeza bila vifaa itapasuka na bei itaanguka. Nitakuja Jumamosi na vifaa vyangu, nitaifungua mwenyewe."

Basi, tangu alipoondoka sikuwa na raha. Bei ile ilikuwa imekaa kifuani kama tonge lililokwama. Nikawa naona kila anayepita anataka kuziiba, kila mtoto anataka kuzitoboa, panya akikwaruza darini nashtuka. Pembeni ya ile ngoma kubwa kulikuwa na kitundu cha kupumulia hewa, nikachukua tochi nikachungulia, nikaona kitu cheusi, kama pindo la kaniki. Nikajiambia, ni kitambaa tu, wapigaji huweka vitambaa kupunguza kelele. Nikazima tochi. (Mtu akiwa anataka hela, tochi nayo anaizima.)

Jumamosi ikafika, Bwana Salehe hakutokea. Mvua zilikuwa zimeanza, lakini mimi sikufikiria mvua, nilifikiria nimeshachezewa, kwamba alitaja bei kubwa ili nisimuuzie mwingine kisha aje kuishusha. Nikashinda mlangoni nikichungulia barabara. Jioni badala yake akaja Mchungaji Yeremia wa lile kanisa jipya, kanisa ambalo nami nilikuwa nasali, kwenye mabenchi ya nyuma huko. Kanisa lao lilikuwa na gitaa na vinanda lakini halina ngoma za kizungu, na habari za ngoma zangu zilikuwa zimemfikia. Akaziangalia, akazipenda. Akataja bei iliyokuwa chini ya ile ya Bwana Salehe, lakini ilikuwepo mfukoni mwake, na ya Bwana Salehe ilikuwa angani.

Akainua ile kubwa ili aone chini yake. Kòkòkò.

"Mama Kulwa, mbona inalia ndani?"

Hapo ndipo. Ningesema neno moja tu, "sijui," basi mambo yangeishia hapo, tungeifungua palepale ndani ya nyumba yangu, tukashangaa wawili, tukamaliza. Lakini mdomo wangu ulikuwa umezoea soko. Nikamjibu bila hata kupepesa macho, "Aa, Mchungaji, hicho ni kifaa. Wanakiweka hukohuko Ulaya ili mlio uwe mzito. Zisizo na kifaa ndizo za bei rahisi."

Mchungaji akafungua macho. "Kumbe!" akasema, na akaongeza bei, akanihesabia palepale.

Sengi alikuwa jikoni. Nilisikia mwiko ukidondoka.

Kesho yake, Jumapili, kanisa lilijaa. Mchungaji alikuwa ametangaza kwamba ngoma zitazinduliwa, na Sengi naye, ambaye kila akija kwangu hakanyagi kanisani kwetu kwa sababu anasema tunapiga kelele, akavaa kitenge chake kizuri akaja kusikia ngoma za kaka yake zikipigwa tena. Akakaa karibu na mlango. Mimi nikawekwa mbele, kwenye kiti cha plastiki, kama mgeni rasmi. Nilikuwa nikiomba kwa kweli, kuliko siku yoyote, nikimwambia Mungu iwe skrubu, iwe skrubu tu.

Mchungaji akasimama. "Wapendwa, mnaona ngoma hizi? Hizi siyo za mchezo. Ndani ya hii kubwa wazungu wameweka kifaa maalumu cha kuongeza mlio! Mama Kulwa hapa ni shahidi." Watu wakapiga makofi. Mimi nikatabasamu kwa meno tu.

Mpigaji alikuwa Daudi fundi baiskeli, mtu wa miraba minne, mapaja kama magogo. Akaanza taratibu, kwaya ikaingia, na lazima niseme, zililia vizuri, nikaona Sengi kule mlangoni anafuta macho kwa ncha ya kitenge na mimi mwenyewe nikamkumbuka baba, nikaanza kutulia. Kisha Roho akampanda Daudi. Akakanyaga kwa nguvu zake zote, mara, mara tena, na ile ngozi ya ndama ikapasuka, pwaa! kama mtu kaangusha gunia la mtama kutoka darini. Kwaya ikanyamaza katikati ya neno.

Nikasimama. "Basi, nitairudisha nyumbani itengenezwe," nikasema, tayari naenda kuichukua.

"Msihofu, wapendwa," Mchungaji akasema, naye uso unang'aa, masikini, "hata hili Mungu amelipanga. Sasa tutakiona kile kifaa kwa macho yetu."

Nikamshika mkono wa koti. Namwambia kwa sauti ya chini, Mchungaji, tusikiguse, kitaharibika. Akaniondoa polepole kama unavyomwondoa mtoto, akaingiza mkono ndani ya ngoma mpaka bega. Watu wa nyuma wakasimama juu ya mabenchi ili waone. Akatoa kifurushi cha kaniki kilichofungwa kwa kamba ya katani, akakiinua juu, akakifungua.

Zikamwagika simbi sakafuni, zile za baharini nyeupe, zikaviringika mpaka miguuni pa kwaya. Kisha mizizi. Kisha kucha za mnyama ambaye mpaka leo simjui. Na mwisho, mkononi mwake, kikabaki kipembe cha swala kilichozibwa kwa nta, kinanuka mafuta ya kale.

Mchungaji akakitazama kile kipembe, akanitazama mimi, na kwa upole kabisa, upole ulioniua kuliko kama angenitukana, akauliza:

"Mama Kulwa, ndicho kifaa cha Ulaya hiki?"

Mimi nikafungua mdomo. Ulimi wote ule wa sokoni, siku ile haukuleta hata herufi.

Mwanamke mmoja wa kwaya alipoona simbi imegusa kidole chake akapiga yowe, na yowe hilo ndilo lililovunja kanisa. Watu walitoka kwa milango, walitoka kwa madirisha, Daudi aliruka matoazi akaondoka na moja limenasa shingoni. Mchungaji akawa anakemea, kipembe kimemganda mkononi, hajui akitupe au akishike. Nje wakakusanyika waliotoka na waliokuwa wanapita kwenda mnadani, na neno likaanza kutembea, neno lile ambalo huku kwetu halisemwi kwa mchezo, maana sote tunawajua watu waliomalizwa kwa neno hilo tu. Nikalisikia likisogea kutoka mdomo hadi mdomo. Mchawi. Nani? Mchawi nani?

Nikashika nguzo. Wanaume wawili wakazitoa ngoma nje ili zichomwe, mwingine akaenda kutafuta mafuta ya taa. Na hapo, wapendwa wangu, katika saa zote za dunia, ndipo alipotokea Bwana Salehe. Basi lake lilikuwa limenasa kwenye tope tangu jana, alikuwa na matope mpaka magotini, mkoba wa bisibisi mkononi, ametoka kwangu akaambiwa tuko kanisani. Hajui lolote. Akaiona ile ngoma imepasuka, akasahau hata salamu, akapiga kelele:

"Nani kaifungua? Si nilisema isifunguliwe!"

Umati mzima ukageuka.

"Mnasikia?" mtu akasema. "Alisema isifunguliwe!"

"Ndiye yuleyule!" akasema jirani yangu mmoja. "Nilimwona mimi, alipiga magoti mbele ya hizo ngoma, akanong'ona, akalamba na kidole!"

Wakamshika. Miwani ikaanguka. Akawa anasema, "Ndugu zangu, ndugu zangu, mimi nanunua vyombo tu," na kadiri alivyosema ndivyo walivyomkaza, mkono wa shati ukachanika, mtu nyuma akaokota fimbo.

Nataka niwaambie kilichonipita kichwani, hakikukaa muda mrefu, lakini kilipita. Nilifikiri: nyamaza. Huyu ni mgeni, atapanda basi ataondoka, na jina la baba litabaki safi, na lako. Nikamtazama. Alikuwa anapapasa chini kutafuta miwani, hakuwa anajikinga hata kidogo, alitafuta miwani tu, kama mtu aliyeamini kwamba akiona vizuri atawaelewesha. Nikapanda juu ya kile kiti cha plastiki ambacho sijui nilitoka nacho vipi, nikapiga kelele kwa sauti ninayotangazia mitumba:

"Mwacheni! Siyo yake! Ni ya baba yangu! Na ile habari ya kifaa niliitunga mimi, sikujua kilichomo!"

Kiti kikavunjika mguu, nikaanguka. Nikainuka na matope usoni. Wakamwachia Bwana Salehe, lakini macho yote yakahamia kwangu, na nawaambia, sijawahi kuona macho ya watu ninaowauzia nguo yakiwa vile. Yule aliyeokota fimbo bado alikuwa nayo.

Ndipo Sengi Nyanzala akapenya. Mfupi, kitenge chake kizuri, hana haraka. Akamwendea Mchungaji, akamnyang'anya kile kipembe kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akakinusa.

"Mnapiga kelele za nini?" akasema. "Hii ni samba. Wakubwa hapa wanaijua, wasijifanye hawaijui. Ni dawa ya ngoma, ya kuvuta watu waje kutazama. Haijawahi kuua hata sisimizi."

Mzee mmoja akainamisha kichwa akatafuta kitu kwenye viatu vyake.

"Kaka yangu alishindwa mashindano ya bendi, watu wote wakaenda kutazama bendi nyingine, akaona aibu, akaenda kutengenezewa. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Kama kuna wa kupigwa, haya, mimi hapa." Akawatazama watu wa kanisa lote, na wapita njia, na wa mnadani, watu wamejaa mpaka barabarani. "Na pesa yake ilipotea bure, maana bendi ilikufa hivyohivyo. Labda ilichelewa tu. Leo angalau imevuta watu."

Mtu akaguna. Mwingine akacheka, kicheko cha puani, kisha kikaenea, wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega, na yule mwenye fimbo akaitupa kando kama vile aliiokota bahati mbaya. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimerudi kukaa kwenye matope, nikamwona Bwana Salehe amepata miwani yake, kioo kimoja kimepasuka, naye hakucheka.

Mchungaji alichoma kile kifurushi kwa mafuta ya taa, akaniombea nikiwa nimepiga magoti mbele ya umma mzima, maombi marefu, na kila alipofika kwenye neno "uongo" alinikandamiza kichwa kidogo. Ngoma hakuzitaka tena, nami fedha yake nikairudisha yote.

Nilimwomba Bwana Salehe radhi, nikamfulia shati, nikamshonea na mkono. Alikaa kibarazani kwangu amejifunga kanga yangu, akinywa uji. Mwishowe akasema, "Dada, ulikuwa na nafasi ya kunyamaza." Nikamjibu kwamba ndiyo, nilikuwa nayo. Akatikisa kichwa. Akazichukua zile ngoma ndogo na matoazi kwa bei ya kawaida, ile kubwa akasema bila ngozi yake na kwa ukingo ulivyopasuka pale ilipotupwa hakuna atakayeigusa. Sikubishana. Nilizipandisha kwenye basi mwenyewe, na basi lilipoondoka ndipo nilipolia, siyo kwa ajili ya bei. Nililia kwa sababu baba alikaa na aibu ile miaka yote, hawezi kuitoa wala kuionyesha, anaifunika shuka, na mimi mwanawe nikaenda kuiweka mbele ya kipaza sauti.

Mkidhani hapo ndipo mwisho wa adhabu, hapana. Wiki iliyofuata sokoni sikuuza hata soksi. Lakini wakaanza kuja mmoja mmoja, wanashikashika suruali wasiyotaka kununua, wanaangalia kushoto na kulia, kisha wanainama. Muuza dagaa. Mwenye mgahawa. Na mzee wa kanisa, ndiyo, wa kanisa lilelile, aliyekuwa wa kwanza kutoka dirishani.

"Mama Kulwa," akaninong'oneza, "ile dawa... iliungua yote?"

Nikamwambia iliungua yote. Akasikitika kwa dhati, akanunua leso ili safari yake isionekane.

Tangu siku ile nimebadilika, waulizeni wateja wangu. Mtu akiniletea koti akauliza limetoka nchi gani, nasema sijui. Akiuliza litadumu, nasema sijui, livae tuone. Wengine wanaondoka wanasema huyu mama hana msaada, wanakwenda kwa jirani anayejua kila kitu, nami nawaangalia wanavyokwenda, inaniuma, mdomo unawasha kweli, lakini naung'ata.